Onja Kwanza, Mama

Zartasha, binti wa kaka yangu, alilazwa wodi ya akili hapa mjini Multan akiwa na miaka kumi na sita. Alikuwa halali usiku, anashinda juu ya paa akibishana na watu tusiowaona. Aliumwa kweli, hata mwenyewe hakukana. Lakini kuumwa si kupoteza ulimi, na ulimi wa Zartasha tunaujua sisi tuliomlea.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake hospitalini. Mimi shangazi nilitandika godoro chini, ubavuni mwa kitanda chake, na mama yake, Sajida, akawa analeta chakula kutoka nyumbani. Daktari Sarfraz alipopita wodini alimuuliza Sajida, "Binti amelala?" Akaniuliza mimi, "Amekula?" Zartasha ameketi katikati yetu, anatutazama kama mbuzi anayeuzwa.

Alipotema vidonge alivyopewa, daktari alimpa Sajida kichupa cha dawa ya matone. "Mtilie kwenye chakula. Haina ladha, hatajua."

"Wifi, mtoto huyu unamjua," nilimwonya.

"Nafanya alivyosema daktari."

Akapika wali wa maziwa wenye iliki. Sisi hula sinia moja, na Sajida ndiye huanza, maana hana subira. Safari hii alimpakulia binti yake bakuli la peke yake, akakaa mikono mapajani.

"Mama, onja," Zartasha akasema.

"Nimeshiba."

"Wewe? Umeshiba wali wa maziwa?" Akalisukuma bakuli.

Tangu hapo alikula vyenye ganda tu: mayai ya kuchemsha, ndizi, machenza, na lazima amenye mwenyewe. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akacheka, "Mmetuletea nyani." Nikamjibu, "Heri nyani, anajua anachokula." Lakini mtoto alikonda hadi bangili zikawa zinamvuka mkono. Daktari alipoambiwa, alisema ugonjwa umezidi, anashuku hata mama yake, matone yaongezwe. Anashuku nini, na kichupa kimo mkobani?

Kesho yake daktari alimgeukia tena Sajida. Zartasha akagonga yai kwenye chuma cha kitanda.

"Niulize mimi, daktari. Mwenye kuumwa ni mimi."

"Zartasha!" mama yake akamkemea. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu hajasema na mimi lolote. Nimsikie vipi? Mimi ni mgonjwa, si mjinga. Toeni mnachonitilia."

Sajida aliinamisha kichwa. Nikauvuta mkoba wake mimi mwenyewe, nikakiweka kichupa juu ya shuka.

"Hiki hapa," nikasema. "Haya, mwelezeni."

Nilingoja daktari anifukuze. Badala yake alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza: dawa hutuliza zile sauti anazozisikia, lakini huleta usingizi, na mwili huongezeka.

"Nikinywa asubuhi, nitasinzia?"

"Utasinzia."

"Basi nitakunywa jioni. Matone nayahesabu mwenyewe. Na mkitaka kuyaongeza, wa kwanza kuambiwa ni mimi."

"Na kesho ukikataa?"

"Nitakukatalia usoni, tuzungumze. Sitakutilia kitu kwenye chai yako."

Daktari akasema, "Sawa. Jioni."

Jioni aliyahesabu ndani ya maji, akanywa, akakunja uso. "Eti haina ladha. Chungu kama shubiri." Halafu akavuta sinia la wali wa maziwa, akamsogezea Sajida.

"Onja kwanza, mama."

Sajida alikula huku analia. Zartasha hakumwonea huruma. Alingoja ameze, ndipo naye akakunjua mkono. Alikula hadi sinia likang'aa.

Sasa yuko nyumbani, anasoma, na dawa yake hunywa mbele yetu. Sinia likitua, hakuna anayegusa mpaka Sajida aonje. Wageni hudhani ni desturi ya ukoo wetu. Sasa ndiyo desturi.