Bahari Niliyoiharakisha

Kwanza nikiri ujinga wangu: niliilipua bahari nzima, tena nikiwa nimekaa sebuleni kwetu Iyunga, natafuna muhogo.

Bahari yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta ya dada. Anafundisha hesabu Iringa, na huku anasomea mikondo ya bahari. Tangu aondoke tumebaki mimi na mama, na mama hushinda sokoni akiuza mchele wa Ubaruku, kwa hiyo vichekesho vyangu namsimulia paka. Dada alipokuja likizo ya wiki moja nilikuwa nimemwekea vipya kibao. Akasalimia, akafungua kompyuta, basi. Siku nne nikaongea na kisogo chake.

Alinieleza kidogo tu. Bahari ni kubwa mno kuihesabu yote, kwa hiyo unaikata vijumba, kama majaruba ya mpunga. Unakadiria maji yanayotoka jaruba hili kuingia la jirani, unasogeza saa mbele dakika tano, unakadiria tena. Dakika tano tano, mpaka mwaka mzima wa bahari utimie. Nikauliza kompyuta itamaliza lini hesabu hiyo. Akasema Jumapili. Jumatatu asubuhi anapanda basi.

Alhamisi alipoenda kuoga niliisimamisha, nikafuta tano, nikaandika sitini, nikaianzisha upya. Hesabu yangu ilikuwa safi: imalize mapema, aifunge, anitazame.

Haikupita muda mawimbi yakawa marefu kuliko Mlima Rungwe, halafu kioo kikajaa alama za kusema hakuna namba tena. Na kumbe kuanzisha upya kulikuwa kumefuta kazi yote ya siku nne.

"Kwa saa nzima maji yanavuka majaruba mengi," dada alisema polepole alipotoka kuoga, "na hesabu yangu inamjua jirani tu. Ulikuwa unatafuta nini, dogo?"

Nikamjibu samaki walikuwa wamechelewa. Hakucheka. Akarudisha tano yake, akaanza mwanzo. Sasa angepata nusu mwaka tu, na asingeinuka pale kitini mpaka siku ya basi.

Mama aliporudi alinikuta jikoni, sina hata kichekesho kimoja. Nikamwambia ukweli: nilitaka dada aifunge ile kompyuta, tuongee. Mama akatua mzigo wake, akamchungulia dada mlangoni, akanigeukia.

"Chukua kigoda ukakae naye," akasema. "Na mikono yako uikalie."