Mama Aliyeomba Podikasti Izimwe

Wiki iliyopita nilikuwa nakunywa chai kwenye kibanda cha chakula pale Nyakanazi, nikisubiri basi la Ngara. Dereva wa lori aliyekaa meza ya pili alikuwa amefungulia podikasti ya siasa kwenye simu. Mtangazaji alifoka, akagonga meza, akawaita watu wa chama kingine wadudu. Wateja walicheka.

"Huyu anaongea kwa uchungu," dereva alisema.

Mama mwenye kibanda aliweka birika chini. "Kaka, naomba uizime."

"Kwani anadanganya, mama?"

"Sijasema anadanganya. Nilipokuwa mtoto, kule ng'ambo ya mpaka, redioni walianza kuongea hivyo hivyo. Baadaye watu wakaanza kuuawa, tukakimbia kwa miguu mpaka Ngara."

Dereva alisema, "Samahani, mama," akatafuta kipindi kingine. Humo mtu alizungumzia bei ya mahindi taratibu, kama anaongea na jirani yake. Mama alivuta kigoda, akakaa. Punde akainua mkono.

"Hapo nakataa. Huyu hajawahi kulima."

Dereva akamtetea msemaji, mama akambana kwa mfano wa shamba lake la Runazi, wakabishana huku wanacheka hadi basi langu likaingia.

Tunapenda kusifu uchungu wa msemaji, kana kwamba uchungu ndio ukweli wenyewe. Yule wa bei ya mahindi hakumliza mtu wala hakushangiliwa. Alipata mtu mmoja wa kumpinga, yule mama aliyevuta kigoda akakaa kumsikiliza.