Nilihamia mtaa wa komanda ili binti yangu asome shule nzuri, Bunia

Habari za mchana wakuu, pamoja na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kulogin.

Juzi humu jamaa kaleta uzi anauliza ahamie mtaa gani na binti yake wa miaka kumi na tano, na ampeleke shule ipi. Mkamjaza ushauri mpaka nikamwonea huruma. Mmoja kamwambia atafute shule yenye bwawa la kuogelea. Mwingine kamwambia asiangalie shule, aangalie magari ya wazazi wanaoshusha watoto asubuhi. Mwingine akamaliza kabisa, akasema hamia mtaa wanaokaa wakubwa, huko hata vibaka wanaona aibu kupita.

Huyo wa mwisho ndiye kanifanya niandike.

Mimi niliwahi kuhamia mtaa wa wakubwa. Naeleza yaliyonipata bila kuongeza chumvi, na kwa kweli ningeweza kuipunguza kidogo ningeipunguza, maana mjinga wa kwanza kwenye hadithi hii ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Bunia, kule Ituri, Congo, wakati wa vita. Mimi ni mtu wa Tchomia, mji wa wavuvi pale Ziwa Albert. Nilikuwa nanunua samaki, nakausha, napandisha Bunia kwa lori. Kabila langu silitaji. Wakati ule ukilitaja tu ulikuwa umeshajipatia maadui, na sitaki tuanze upya humu jukwaani.

Kilichotuhamisha ni shule. Wapiganaji waliingia Tchomia wakalala madarasani, walimu wakavuka ziwa, na madawati yakageuka kuni. Siku moja tunakula, binti yangu Espe akamsukumia mama yake sahani akasema, "Hii samaki iliivia kwa kuni ya meza yangu ya klasi. Niliona jina yangu kwenye ubao wakiipasua."

Mimi nilicheka. Mama yake hakucheka, na wiki ile tukafunga mizigo.

Sasa Bunia nilikuwa na mshauri, shemeji yangu Dido. Dido ni wale watu ambao kila mji wanajua nani yuko juu. Mji unaweza kushikwa na kundi hili leo na kundi lile baada ya mvua, yeye atakuwa ameshanywa bia na wote wawili.

Akaniambia, "Shemeji, usipoteze wakati. Fasi komanda analala, mwizi hawezi ingia. Na shule yenye batoto ya wakubwa wanasoma, mwalimu hawezi kosa."

Fasi kwetu ni mahali. Wakuu, nilimwona ana akili.

Akanitafutia nyumba milango mitatu kutoka kwa komanda wa kundi lililokuwa limeshika mji. Mtaa wenyewe sitautaja, watu bado wanaishi huko na majirani zao. Nyumba ilikuwa na bati jipya, uzio wa miti iliyokatwa sawasawa, kisima uani. Asubuhi unaamshwa na walinzi wa komanda wakiosha jeep. Nilikuwa natoka nje na mswaki mdomoni ili wanizoee sura.

Mke wangu alifika, akatazama wale vijana na bunduki zao, akatazama Espe, akauliza, "Baba Espe, hapa njo fasi ya kulelea mutoto mwanamuke?"

Nikamwambia hapa ndipo penye usalama kuliko mji mzima. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti.

Shule nayo ilikuwa kwenye barabara ile ile. Imepakwa chokaa, ina bendera, prefe wake, ndiye mkuu wa shule kwa Kicongo chetu, anavaa tai hata siku ya risasi. Alinionyesha daftari la majina limeandikwa kwa wino wa rangi mbili. Nikasema moyoni hapa mtoto wangu atakuwa mtu. Sikuuliza chokaa imelipiwa na nani. Baadaye ndiyo nikajua komanda alikuwa mlezi wa shule.

Kwa msiojua, kwetu mwisho wa kila muhula kuna siku ya kutangaza matokeo. Tunaiita proklamasio. Wazazi mnakaa uani kwenye viti, prefe anasimama na karatasi, anasoma darasa zima kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, jina na asilimia, kwa sauti. Mtoto akishika mkia, mtaa unajua kabla yake. Mzazi wa Bunia anaweza kukosa mazishi, lakini proklamasio haikosi.

Muhula wa kwanza nilikwenda na suti. Suti ilishonwa na jirani yetu mmoja, fundi cherehani, mwanamume mpole aliyefiwa na mke, mwenye binti anaitwa Aimée. Aimée na Espe walikaa meza moja darasani, wakawa hawaachani.

Mgeni wa heshima alikuwa komanda mwenyewe. Miwani myeusi, fimbo, walinzi nyuma yake.

Prefe akasoma: wa kwanza, Espérance, asilimia sabini na tisa. Wakuu, nilisimama. Hakuna aliyeniomba nisimame. Aimée akawa wa tano.

Komanda akampa Espe mkono, akachukua buletini yake, ile ripoti ya matokeo, na daftari lake, akaangalia mwandiko, akatugeukia wazazi.

"Bureau yangu inahitaji mutu mwenye anaandika muzuri," akasema, yaani ofisi yake. "Wenye niko nao sasa wanaandika sawa kuku. Muhula yenye inakuja, mwenye atakuwa wa kwanza katika klasi hii atakuja kutumika kwangu. Njo zawadi yangu."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Nilikuwa nimeshawaza mbali: binti yangu ndiye atakuwa anaandika karatasi za kupitia vizuizini, na lori langu la samaki litakuwa linapita bila kusimama. Niliuza mtoto kichwani mwangu kwa bei ya kizuizi, tena nikiwa nimevaa suti.

Kutoka pale nilipitia kwa fundi, watu wamejaa wakisubiri nguo. Nikamwuliza mbele yao, "Fundi, yako amekuwa wa ngapi vile?" Akasema wa tano. Nikamwambia, "Weye shona tu. Akili iko kwa watu wa samaki." Watu wakacheka. Na haikuwa mara moja. Muhula mzima kila nikipita pale nilimtupia neno, mara "wa tano hajambo?", mara "cherehani haisomi vitabu." Yeye alikuwa anainamisha kichwa anaendelea kukanyaga mashine.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine, ila mimi sikuyaona.

Mke wangu aliniambia mara moja tu: "Basichana wawili waliingia mule bureau tangu tufike. Umeona hata moja anarudi kulala kwao?"

Nikamjibu kwamba labda wana kazi nyingi.

Naomba msinitukane bado, subirini mwisho.

Akaniomba tuhame. Nikakataa, nikamwambia nyumba hii watu wanaitafuta, na mtoto hatolewi shule katikati ya mwaka akiwa wa kwanza. Espe alikuwa amekaa hapo hapo anasikia. Hakusema kitu, akainuka akaenda kuteka maji.

Proklamasio ya pili ikafika. Nikavaa suti ile ile, nikakaa kiti cha mbele. Prefe akaanza: wa kwanza, Aimée, asilimia sabini na nne.

Nikageuka nyuma, nikamwona fundi amesimama kama nilivyosimama mimi. Machozi yanamtoka. Akanitazama, akatabasamu.

Nikangoja wa pili. Wa tatu. Wa kumi. Prefe anasoma, mimi najua wameruka jina. Espe wangu alisomwa wa tatu kutoka mwisho, asilimia thelathini na nane. Hesabu alikuwa amerudisha karatasi nyeupe.

Komanda akacheka, akasema, "Huyu kichwa imekwisha mafuta." Akamshika mkono Aimée.

Mimi nilimfokea binti yangu pale pale uani. Nilimwambia amenivua nguo, nilimwambia nilimtoa kwenye moshi wa samaki na anataka kurudi kwenye moshi. Alisimama mikono nyuma, akanisikiliza mpaka nilipochoka. Mama yake akanivuta mkono hadi nyumbani, akafunga mlango.

"Mi njo nilimuambia afeli," akasema. "Weye ulikataa kuhama. Siye tungefanya nini? Buletini mubaya haiue mutu."

Nilikaa kitandani na suti yangu. Nimeshawahi kuona aibu maishani, lakini ile ilikuwa ya aina yake, maana hata kukasirika nilishindwa. Mtoto wa miaka kumi na tano alikuwa amejiangusha mbele ya mji mzima kwa sababu baba yake alikuwa kipofu, halafu huyo kipofu akamtukana.

Jumatatu asubuhi jeep ikasimama kwa fundi. Aimée akapanda na bleu-blanc yake ya shule, sketi ya bluu na shati jeupe alilolipiga pasi. Fundi akampungia mkono. Siku za mwanzo tulikuwa tunamwona Aimée akipita ndani ya jeep. Kisha tukawa hatumwoni.

Niliogopa kumwambia fundi chochote. Nilijiambia huenda mambo si mabaya hivyo. Pia, niseme ukweli, nilikuwa nashukuru kwamba si wangu.

Baada ya wiki chache mji ukabadilisha wenyewe. Kundi lingine likaja likiwa na hasira na yule komanda, na mabomu yao yakaanzia wapi kama si mtaa wetu wenye usalama? Bati letu jipya likatobolewa kama chujio. Komanda alikuwa ameshaondoka alfajiri na magari yake, walinzi wake, makabati ya bureau yake na wale wasichana walioandika kwenye bureau yake. Walioingia wakatupora wote tuliobaki, kwa kosa la kuwa majirani. Dido siku hiyo hiyo alionekana mjini akinywa bia na komanda mpya.

Sisi tulikimbilia mtaa wa Lumumba, humo humo mjini, chumba kimoja, tukiwa watatu. Risasi zilipotulia Espe akaingia shule ya mbao, mwalimu mmoja madarasa mawili, ubao umepakwa makaa ya betri. Mlezi wa shule ile alikuwa Mungu peke yake. Muhula wa kwanza tu akawa wa kwanza, na mimi sikumwambia mtu.

Fundi alinitafuta huko Lumumba. Alikuwa amekonda, ameshauliza kila kambi, kila kizuizi hadi njia ya Mahagi. Nikampa kiti. Hakukaa.

Akaniuliza, "Baba Espe, komanda alitaka mutoto yako mbele ya yangu. Yako aliponaje?"

Nikamwambia kweli. Nikasema Espe alifeli makusudi, mama yake ndiye alimfundisha.

Akakishika kile kiti alichokataa kukalia. Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa kweli. Aimée aliniambia. Alisema Espe amemuonyesha namna ya kufeli, bafeli wote wawili. Mi nikamuambia akifeli asirudi kwangu. Sababu nilikuwa nimechoka kuchekwa na weye."

Akaaga akaondoka.

Aimée hajaonekana mpaka leo ninapoandika. Espe sasa ni mtu mzima, ana watoto, na jina la Aimée halitaji mbele yangu. Simlaumu.

Kwa hiyo, mkuu uliyeuliza, na wote mliomjibu. Kuhusu mtaa sina ushauri. Kuhusu shule, kabla hujaangalia matokeo yake, uliza nani anayasubiri matokeo hayo na anayatakia nini. Binti akinyamaza wakati wewe unapanga, mfuate huko alikokwenda kuteka maji, umwulize anaogopa nini. Na mtoto wako akiwa wa kwanza, furahia ndani ya nyumba yako, kwa sababu hujui yule unayemcheka barabarani ataenda kumwambia nini mtoto wake jioni.

Nawasoma. Mnaotaka kunitukana sasa ruksa, ila wenye mabinti wa umri huo naomba mniambie kwanza: safari hii mnayopanga kuhama, yeye mmemwuliza?