Kibao cha Mbao Mbili

Baba yake Verona Hudak alikuwa na mkono mwepesi. Alifanya kazi kwenye tanuru la chuma kule chini mtoni, na akirudi nyumbani alirudi na moto wake. Supu ikiwa ya moto, kofi. Ikipoa, kofi. Siku supu ilipokuwa sawasawa, mama alipigwa kwa kukaa kimya. Akianguka pale jikoni hakuwa na haraka ya kuinuka. Alilala akiutazama uvungu wa meza kama mtu aliyedondosha sindano, na Verona na dada zake wakamruka, wakaenda shule.

Jumamosi ilikuwa siku ya sinema. Ukumbi ulipakana na kanisa la Waslovaki, viti vyake vinanuka njugu na soksi, na picha zilizojaza watu zilikuwa za Ndugu Zipfel. Hawa walianzia kwenye majukwaa ya vichekesho, wakirushiwa mayai mji hadi mji, kabla Hollywood haijawaokota. Otto mrefu alitembea na ngazi begani hata kwenye harusi. Bruno mnene alikuwa na njaa milele. Lulu alikuwa mwanamume kama wenzake, ila alivaa koti la marehemu mama yao na hakukubali kulivua. Otto akiitwa anageuka, ngazi inamlima Bruno kisogoni, Bruno anatumbukia kwenye pipa la unga. Polisi anakuja kuuliza kuna nini, Otto anageuka kumjibu, na polisi naye ameshapata jibu lake.

Siku ya kwanza Verona alicheka mpaka akajilowesha. Si kipigo kilichomshangaza, kipigo alikuwa nacho nyumbani cha kutosha kugawia jirani. Kilichomshangaza ni kwamba Bruno aliamka. Akaangukiwa na piano, akaamka. Akatupwa dirishani na kiti chake, akaamka, akajipukuta vioo na kuulizia chakula. Verona alirudi nyumbani akamtazama mama yake kwa lawama kidogo, kama unavyomtazama ndugu aliyepewa kazi na hajaisomea.

Basi akakua, na akampata Duane Pruitt, dereva wa lori la makaa ya mawe, kijana mwenye meno mazuri. Walikutana sinema, kwenye picha ya Zipfel, na Duane alicheka kwa nguvu kuliko safu nzima. Verona akasema moyoni, huyu wangu. Ndiyo hasara ya kuchumbiana gizani. Watu wawili mnacheka pamoja, unadhani mnacheka kitu kimoja. Verona alicheka Bruno akiamka. Duane alicheka Bruno akianguka.

Hata maua ya harusi yalikuwa hayajanyauka. Kipigo cha kwanza kilikuwa juu ya chumvi. Verona alianguka, akaamka, akajipukuta, akauliza kama amwongezee mumewe viazi. Alidhani ndivyo mambo yanavyomalizwa. Kumbe kuamka kwake ndiko kulikompandisha Duane mori. Mwanaume anakupiga ulale, wewe unasimama kama springi ya kitanda, anaona umemdharau. Akampiga tena. Alimvunja vidole, baadaye taya, na majira ya baridi mazima Verona akanywa supu kwa mrija, meno yamefungwa waya.

Siku aliyoondoka alikuwa anampigia pasi shati. Duane akaja nyuma yake na mkanda umeshazungushwa mkononi. Verona akageuka na pasi, akaiweka begani kwa mumewe, akaiacha pale mpaka bega lilipoanza kunuka. Kisha akachomoa waya wa umeme ukutani, maana hakuwa mtu wa kuunguza nyumba, akavaa koti lake akatoka. Duane alimfuata hadi barazani ameshika bega.

"Popote utakapocheka nitakusikia," akamwambia. "Hicho kicheko chako hakijifichi."

Na hapo alisema kweli. Verona alicheka kama punda aliyeona punda mwenzake ng'ambo ya mto. Mahakama ikavunja ndoa, yeye akahamia mji wa juu kidogo mtoni, akapata kazi ya kupiga pasi mashuka ya hospitali, na akaacha kucheka. Alijifunza kutabasamu mdomo umefungwa. Wenzake kazini walidhani ana jino bovu.

Aliyemharibia ni Milo Babyak. Milo alikuwa na nyumba ya maiti. Aliosha wafu wa mtaa, akawavisha suti, akawazika, na sura yake ilikuwa ya rambirambi hata akila aiskrimu. Alikuja kuchukua mwili hospitalini, akamkuta Verona anavuta rukwama ya mashuka. Verona akaitwa, akageuka, rukwama ikamlima Milo magotini, Milo akakaa chini. Badala ya kukasirika akasema, "Otto mwenyewe asingeweza." Verona akamwangalia mtu huyu wa makaburini amekaa sakafuni, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

Hivyo Milo akamwingiza Chama cha Zipfel, chama cha wapenzi wa picha zile. Walikutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa chini ya ardhi wa jengo la Waslovaki wa mji ule, watu wa makamo na wazee: wastaafu wa viwanda vya chuma, mwalimu wa piano aitwaye Bi Gladys Ferency, mzee Stefan aliyekuwa kiziwi na ambaye kwa hiyo alipenda picha zote sawa. Walikula kabichi iliyofungiwa nyama, wakawasha mashine ya sinema, wakatazama picha walizozijua mpaka mikwaruzo yake. Ukutani palitundikwa ngazi, kwa heshima ya Otto.

Na walikuwa na kibao. Ni mbao mbili nyembamba zilizofungwa pamoja kwenye mpini, kifaa cha wachekeshaji wa zamani wa jukwaani. Ukimpiga nacho mtu, mbao zinagongana, unasikia mlio kama mfupa umekatika, na aliyepigwa hasikii zaidi ya kupigwa na gazeti. Ukichelewa mkutanoni, kibao. Ukisema Lulu hachekeshi, kibao. Na adabu ya chama ilikuwa moja: ukipigwa uanguke vizuri, na ukishaanguka uamke. Bibi wa miaka mingi, magoti yamekwisha, alianguka na kuamka, na ukumbi ukampigia makofi. Verona aliwapenda watu hawa kuliko ndugu zake. Kicheko chake kikarudi chote, pamoja na punda.

Kila mwaka majira ya kuchipua walikuwa na sherehe, na siku hiyo alikuja Mvamizi. Milo alimpanga kwa siri mtu wa kuingia kwa kishindo katikati ya chakula, mwaka huu polisi, mwaka ule mwenye nyumba anayedai pango, mwaka mwingine mume aliyesalitiwa. Hakuna aliyeambiwa ni nani wala saa ngapi. Wote walitakiwa kumfuatisha, na atakayeharibu mchezo kwa kuuliza kama ni kweli, huyo anapigwa pai ya krimu usoni.

Mwaka ule theluji iligoma kuondoka hata Aprili. Ukumbi ulikuwa na joto la mabomba na kabichi, wakafungua madirisha madogo ya juu, yale yaliyolingana na barabara. Milo akasimulia jinsi maiti ya mjumbe mmoja wa baraza la jiji ilivyopiga chafya ya upepo uliobaki tumboni, katikati ya mahubiri. Verona akacheka. Kicheko kikatoka dirishani. Na barabarani palikuwa na lori limesimama kushusha makaa.

Mlango wa dharura ukapigwa teke. Duane akaingia na spana ya magurudumu.

Alikuwa amenenepa, meno yake bado mazuri. Akautafuta uso wa Verona katikati ya kofia za karatasi, akaupata.

"Si nilikwambia," akasema.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mume tena, na mzuri kuliko wa miaka yote, hata masizi ya makaa amejipaka. Verona akasimama. Akamwambia Milo kwamba huyu ni Duane, mume wake wa kweli wa zamani, aite polisi. Watu wakazidi kucheka, maana kila mwaka kulikuwa na mmoja wa kusema hivyohivyo. Bi Gladys, aliyechukua sheria kwa uzito, akampaka pai.

Kipigo cha kwanza hakukiona, krimu ilikuwa machoni. Kilimkuta kwenye mkono alioinua kujifutia, na mfupa ukalia.

"Wametengeneza kibao kipya," mtu akasifu nyuma.

Verona alianguka. Na kwa kuwa mwili ulishafundishwa, aliamka. Makofi. Duane akampiga begani, Verona akaenda chini na kiti, sahani zikamfuata. Akaamka tena, mkono mmoja unaning'inia kama soksi kwenye kamba.

"Milo. Kaka yangu. Ameuvunja mkono wangu."

Milo alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa leso ile aliyowafutia wafiwa. "Dada, mwaka huu umetuzidi," akasema.

Spana ikaingia mbavuni. Safari hii alipofika chini alijikuta anatazama uvungu wa meza. Aliona makombo, viatu, gamu iliyotafunwa na kubandikwa. Akamkumbuka mama yake. Miaka yote alidhani mama hajui kuamka. Sasa, sakafu ikiwa baridi shavuni, ikamjia kwamba labda mama alikuwa anangoja mtu mmoja tu, kati ya wote waliomruka, aone kwamba hajaamka.

Mwili ulitaka kusimama. Goti lilishaanza kujikunja. Verona akalilaza. Akauacha mkono uliovunjika ulale ulivyotaka, kiganja upande usio wake, akafunga macho.

Duane akampiga teke. Kisha jingine. Watu walicheka, kisha wakacheka kidogo, wakimngoja. Kicheko kikapungua kama mvua inayoacha bati, tone hapa, tone pale, mpaka ikabaki sauti ya buti kwenye mwili.

"Amka, Verona," Milo akasema. "Zamu yako."

Akautazama ule mkono. Sasa huyu alikuwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa watu wasioamka. Akajua kabla ya wote, na uso wake wa rambirambi kwa mara ya kwanza ukawa na rambirambi ndani yake.

"Huyu si wangu," akasema. "Mimi nilimpanga mtu wa posta."

Akaenda ukutani, akatungua ngazi, akaiweka begani. Duane akasikia kelele, akageuka. Milo naye akageuka. Ngazi ilimkuta Duane mdomoni, na yale meno mazuri yakamwagika kwenye krimu.

Hapo ningependa kusema walimshika wakamfunga kamba. Hawakumfunga. Watu walioona aibu ni wakali kuliko watu wenye hasira. Duane alipoinuka kwa magoti, Bi Gladys alimpiga na sufuria la chuma la kabichi, likiwa na kabichi. Wastaafu wa tanuru, mikono imezoea koleo, walichukua miguu ya meza. Goti la Duane liligeuka nyuma. Spana ilimtoka, mtu akaiokota na kuitumia. Alipojaribu kuinuka tena Bi Gladys akamkanyaga vidole na kisigino, kidole baada ya kidole, kama anafundisha ngazi ya muziki.

"Wewe ndiye usiamke," akamwambia.

Polisi alipofika kweli, mzee Stefan, aliyekuwa msalani muda wote na hajasikia lolote, alimpokea mlangoni kwa pai ya usoni. Hakuna aliyecheka.

Duane aliingia jela akichechemea. Verona alilazwa kwenye mashuka aliyoyapiga pasi mwenyewe. Wanachama walimletea kabichi, wakakaa ukingoni mwa kitanda wakiitazama sakafu, kisha wakaanza kuja mmojammoja, kisha wakaacha. Mikutano ikafa. Ikasikika kwamba Milo anataka kukichoma kibao.

Hogo la plasta lilipotoka mkononi, Verona aliwaita wote ukumbini Jumamosi mchana. Walikuja na makoti yao ya kanisani, wakasimama wamejipanga ukutani bila kuambiwa. Verona akakichukua kibao na kupita kwao. Alimpiga kila mtu kimoja, na kila mtu alianguka, hata mzee Stefan. Hakuhama kwa mmoja mpaka ameamka. Bi Gladys alilia akiwa bado chini, Verona akamngoja.

Milo alikuwa wa mwisho. Alikikataa kibao. Alikuwa na ubao mmoja wa benchi, mti mgumu, akampa.

"Mimi nilicheka kuliko wote," akasema. "Na uliniita kaka."

Verona akaupima uzito wake. Wengine walidhani atautupa, maana ndivyo watu wema wanavyofanya kwenye picha za kutoa machozi. Akampiga nao, mara moja, kwa mkono mzima na ule uliokuwa haujapona vizuri. Miwani ikaruka. Milo alilala kimya mbele ya meza, damu inamtoka sikioni, na ukumbi mzima ukamtazama. Hakuna aliyemruka.

Verona akainama, akampa mkono.

"Amka, Milo. Hiyo mashine haijiwashi."

Wakazima taa. Otto akaitwa, akageuka, ngazi ikamlima Bruno, Bruno akatumbukia kwenye pipa. Hakuna aliyethubutu kuanza kucheka. Unga ukatulia. Bruno akachomoza kichwa, akajipukuta, akaulizia chakula.

Verona akacheka, ameshika mbavu ambazo hazijaunga vizuri, punda na vyote. Bi Gladys akainuka haraka kufunga dirisha la barabarani.

"Liache wazi," Verona akasema.