Mkanda Usioonesha Mpira

Bado sijatimiza miaka thelathini na mbili, na juzi nimejikuta nawaambia watoto wa kaka yangu, "Wakati wetu sisi..." Nikanyamaza hapo hapo. Wakati wetu upi? Nani katugawia? Lakini walikuwa wanne kwenye kochi moja, kila mmoja na simu yake, wanaandikiana ujumbe wao kwa wao badala ya kugeuza shingo, na mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Basi nyinyi wenzangu mliokulia Maskati miaka ile, mliorudi skuli na kokoto ndani ya viatu, mliokula parata iliyopakwa jibini na kupondewa chipsi za pilipili, nivumilieni. Nataka kusimulia habari za ami yangu Khalfan, kaka yake baba, kwa sababu kuna swali moja kwake ambalo nimelibeba tangu nina miaka kumi.

Tulikaa mtaa wa Ansab, nyumba ya Bibi, wakati ambapo nyuma ya ukuta wetu hakukuwa na chochote ila uwanja wa mawe na mti mmoja wa mgunga ulioliwa na mbuzi mpaka nusu. Ijumaa ilikuwa na harufu yake. Asubuhi ubani kwenye kanzu za wanaume, mchana biriani ya Bibi, na baada ya Alasiri vumbi, maana ndipo tulipofunguliwa mlango. Tulicheza nage, tulijificha nyuma ya matangi ya maji, tulirushiana kokwa za tende. Nyumbani Kiswahili, kilichokuja na wazee wetu kutoka Unguja, skuli Kiarabu, na ukigombana na mtu mkubwa hujui ukimbilie lugha ipi. Mimi nilikuwa nauliza sana. Bibi aliniita Bi Kwanini. "Mtoto huyu ukimwambia kumekucha atataka shahidi," alikuwa akisema.

Ndipo akarudi Ami Khalfan kutoka Amerika, na sanduku moja la nguo na makatoni matatu ya mikanda ya video.

Alipelekwa huko kijana, kusomea uhandisi. Uhandisi aliumaliza, lakini hakuufanyia kazi hata siku moja. Chuoni alikutana na ule mpira wao, uliochongoka pande mbili kama papai changa, unaoshikwa kwa mikono, wachezaji wamevaa helmeti na mabega ya bandia. Akaanza kwa kubeba vifaa, akaishia kuwa kocha msaidizi, na kazi hiyo akaifanya miaka ishirini katika vyuo sita. Kwa nini sita? Niliuliza. Akanieleza kwamba kule kocha mkuu akishindwa anafukuzwa, na akifukuzwa yeye wanafukuzwa na wasaidizi wake wote, hata kama sehemu yako umeifanya vizuri. Unapakia makatoni, unakwenda mji mwingine kuanza tena. Yeye kocha mkuu hakuwahi kuwa. Mara mbili aliitwa kwenye usaili wa kazi hiyo, mara mbili wakamchukua mtu mwingine.

Wachezaji wake walikuwa yale majitu ya mbele, ambao kazi yao ni kuzuia watu wasimfikie mwenye mpira. Wao wenyewe mpira hawaugusi mwaka mzima. Ami aliwapenda kwa hilo. Na kuwapata pia ilikuwa kazi. Alikuwa anaendesha gari siku nzima kwenda nyumbani kwa kijana anayetakiwa na chuo, anakaa jikoni, anakunywa chai anayopewa, na anazungumza na mama, si na kijana.

"Kama posa," alisema Bibi, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi ya mwanawe aliyoielewa.

"Posa hasa, mama. Na mara nyingi nakataliwa."

"Umesomeshwa, ukaenda kuposa watoto wa watu waje wagongane vichwa."

Ami alicheka. Lakini nilimwona alivyoizungusha ile bilauri ya chai mezani, na nikajua haikumchekesha.

Hapo ndipo binamu yangu Sleiman, mkubwa wangu kwa miaka miwili na mjuaji wa kila kitu, aliponinong'oneza kwamba Ami hakuwa kocha. Alikuwa anafua jezi. Kama uongo, mbona hatujamwona kwenye mikanda? Na kweli. Ami alikuwa anakaa sebuleni baada ya Isha anaangalia mikanda ile, sekunde tatu mbele, anarudisha, sekunde tatu mbele, anarudisha, mpaka rimoti imefutika namba. "Usitazame mpira," alikuwa akiniambia. "Kila mtu anautazama mpira. Tazama miguu." Mimi nilikuwa siutazami mpira wala miguu, nilikuwa namtafuta yeye. Likizo nzima nilipekua makatoni matatu. Watu kama siafu, wanajipanga, wanavurugika, wanajipanga. Ami hayumo.

Nikamuuliza waziwazi. Akaniambia kamera inawekwa juu ya paa ili kuonesha wachezaji wote. Makocha wako chini, pembeni, nje ya picha.

"Kwa hiyo huna ushahidi," nikamwambia.

"Sina," alisema Ami. "Ila njoo Ijumaa uwanjani."

Hivyo ndivyo tulivyopata timu. Mama zetu walikataza kugongana, kwa hiyo alichukua kanga ya Bibi ya zamani, iliyonunuliwa soko la Matrah na kufuliwa mpaka imekuwa laini kama karatasi ya chooni, akaichana vipande virefu. Kila mmoja alichomeka viwili kiunoni. Ukichomolewa kimoja, umekamatwa. Bibi aliposikia kanga yake inakimbia uwanjani kwenye viuno vya watu kumi na wawili alikwenda kulifunga kabati lake kwa ufunguo.

Na Ami alikuwa na kanuni moja ambayo mpaka leo sijaikuta skuli, chuo kikuu wala kazini. Kabla ya kucheza mpango wowote aliotupangia, mtoto yeyote aliruhusiwa kuuliza kwa nini. Ami akishindwa kujibu, mpango ule unatupwa. Nilitupisha mipango mingi. Sleiman alinichukia.

Lakini mwezi wa tatu tangu arudi, Bibi alimtafutia kazi. Mpwa wake alikuwa na nafasi ofisini, meza, kiyoyozi, cheo cha mhandisi. Ilikuwa aanze Jumamosi, maana enzi hizo tulipumzika Alkhamisi na Ijumaa.

"Na ukishaanza, mipira khalas, imekwisha," alisema Bibi. "Nshasema. Mtu mzima na mvi zako unarukaruka na watoto mchangani, watu wanniuliza mwanangu kapata nini huko."

"Njoo uone mara moja, mama. Ijumaa hii tunacheza na watoto wa mtaa wa Mawaleh. Uone halafu useme."

"Miguu hainipeleki."

"Basi nitakuletea mkanda. Ukiona na bado unasema basi, basi."

Bibi akainua bega. Kwake hilo lilikuwa ndiyo. Sisi watoto tuliokuwa tumejipanga nyuma ya pazia tulielewa kwamba Ijumaa ile ndiyo ya mwisho, au siyo.

Baba alipewa kamera. Alikuwa ndiye mpiga video wa ukoo, kila harusi yeye, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Watoto wa Mawaleh walikuja nyuma ya pikapu, na katoni ya machungwa kutoka soko kuu la matunda lililokuwa kwao. Kiongozi wao alikuwa mvulana mrefu anaitwa Haitham. Wanasemezana Kiarabu kitupu, na kwa Kiarabu Ami akawaeleza sheria za mchezo. Sisi tukakonyezana, kwa sababu tulikuwa na silaha. Sleiman alikuwa ametoa wazo kwamba tupangiane kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, mbele yao. Nani atajua?

"Mpe Idi, apite kushoto!" Idi, mmoja wetu, akapita kushoto, watatu wao wakamngoja. "Kushoto uongo, kulia kweli!" Wakawa kulia. "Mrushie Sleiman kule nyuma!" Haitham akawa kule nyuma kabla ya Sleiman. Wakatutangulia mara moja, sisi tukasawazisha kwa bahati, wakatutangulia tena. Mara ya tano tulipopiga kelele, Haitham aligeuka akatuambia kwa Kiswahili cha Mjini kilichonyooka kuliko chetu:

"Kushoto tena? Jamani nyie hamchoki?"

Sleiman akamsogelea. "Wewe unajua Kiswahili?"

"Bibi yangu kazaliwa Mkunazini. Wako kazaliwa wapi, Paris?"

Ni sisi tu wa kufanya kosa lile. Nusu ya Maskati tunayoijua inapikiwa mchuzi wa nazi na inagombezwa kwa Kiswahili, na kila nyumba inadhani ni siri yake. Ami alikuwa pembeni kainama, kashika magoti, anacheka mpaka machozi. Halafu akatuita. Jua lilikuwa limeshuka, mwadhini asingetungoja, ilibaki mara moja tu. Tukiufikisha mpira kwenye mstari wa mawe, ambao ndio goli, tunatoka sare. Akatuambia hakuna kusema. Akaonesha kwa mikono kila mmoja aende wapi, na mwisho akanigusa mimi kichwani.

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Sababu mchezo mzima umesimama unauliza maswali. Hakuna hata mmoja wao anayekutazama."

Jibu lilikuwa zuri. Nikapewa mpira, wengine wote wakaenda kulia wakipayuka, mimi nikaenda kushoto peke yangu, mdomo umefumba kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa. Nilikimbia. Nakumbuka kokoto, pumzi, na kiatu kimoja kinachotaka kutoka. Karibu na mstari Haitham aligutuka akanifuata. Nikaanguka upande wa pili wa mawe, na nilipogeuka alikuwa na kipande cha kanga ya Bibi mkononi.

"Kabla ya mstari!"

"Baada ya mstari!"

"Wallahi kabla!"

Uwanja mzima ukawaka. Mimi niliulizwa, na mimi ndiye nisiyejua. Ami akanyanyua mkono. "Tutatazama mkanda," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hili amelifanya maisha yake yote.

Baada ya Maghribi viatu jozi ishirini na kitu vilikuwa vimerundikana mlangoni kwa Bibi. Watoto wa Mawaleh wamekaa zuliani na machungwa yao, Bibi kwenye kochi, Baba anachomeka nyaya. Picha ikaja. Alikuwa Ami. Ami kasimama na kikombe cha chai. Ami anatembea. Sauti zetu zinasikika, "Mpe Idi!", na picha ni uso wa Ami. Tukangoja kamera igeuke. Haikugeuka.

"Baba, mpira uko wapi?" nikauliza.

"Sasa mimi n'tajuaje kuufuata mpira?" Baba alijitetea. "Harusini hutazami wanaocheza ngoma. Humwachi bwana harusi, ndo nlivyofunzwa."

Haitham alicheka mpaka akalala zuliani. Sleiman alishika kichwa. Saa nzima ya mchezo, na bwana harusi alikuwa Ami.

Lakini Bibi hakucheka. Alikuwa amesogea mbele. Kwenye mkanda Ami alikuwa amepiga goti kwenye mawe, anamfunga kanga upya Idi aliyekuwa analia, anamwambia kitu hatukisikii, na Idi anaitikia kwa kichwa. Ami anasogeza mguu wake mwenyewe kila tunaposogeza wetu. Ami anacheka kashika magoti. Halafu ya mwisho: kimya, mikono yake inazungumza, na mimi ninapokimbia, bila kuonekana, yeye anakimbia pembeni hatua kwa hatua pamoja na mimi, suruali imejaa vumbi, mdomo wazi kama mtoto. Anasimama. Mkanda unakatika.

Nilimgeukia Ami halisi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha. Alikuwa anajitazama kwa namna ya mtu aliyekutana na jamaa yake stesheni. Miaka ishirini ya mikanda, na huo pekee ndio aliokuwamo.

"Rudisha," alisema Bibi.

Baba akarudisha. Sekunde chache, goti, kanga, Idi.

"Rudisha tena. Hapo. Nnataka kumwona."

Mara ya nne alimnyang'anya Baba rimoti. Alipomaliza hakumtazama Ami. Alitazama televisheni iliyozimwa. "Jumamosi nenda ofisini," alisema. "Ijumaa ni yako. Na kanga nyingine zimo kabatini, usichukue ile ya bluu."

Alikwenda ofisini miaka kumi na minane mpaka alipostaafu, na Ijumaa zake hakuzikosa, mpaka uwanja ukajengwa nyumba nane zinazofanana. Bibi hayupo tena. Ule uwanja nikiupita siku hizi najaribu kukisia mstari wetu wa mawe uko chini ya sebule ya nani.

Watoto wa kaka yangu niliwaonesha mkanda ule juzi, umehamishiwa kwenye simu. Wakauliza kwa nini hakuna pembe nyingine, kwa nini hakuna aliyerekodi na simu yake. Wao wanarekodi kila kitu, na mara nyingi picha ni ya nyuso zao wenyewe, na jambo likibishaniwa jibu linapatikana kabla chai haijapoa. Sina hakika kwamba sisi tulikuwa bora. Tulikuwa na kelele nyingi na ushahidi mdogo. Ila mimi na Haitham tukikutana harusini bado tunagombana, kabla, baada, kabla, na mume wangu na mke wake wanakwenda kutafuta halwa. Hao wa leo watagombania nini wakiwa wazee?

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona Ami. Macho yake bado mazima. Nikamuuliza swali langu moja kwa moja: yeye ndiye aliyekuwa anakimbia sambamba na mimi, ilikuwa kabla au baada?

"Niliona," alisema. "Nilikuwa natazama miguu."

"Basi sema."

Akachukua simu yangu, akaurudisha mkanda mpaka pale alipopiga goti, akaiegemeza kwenye bilauri ili tuone sote wawili.

"Kwa nini?" alisema.

Nilifikiri, na nikashindwa kujibu. Kwa kanuni yake mwenyewe swali langu likatupwa, na tukaendelea kutazama.