Isale la Nderingo

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochacha hunirudisha hadi leo kwenye uwanja wa kanisa letu, mteremkoni mwa mlima Meru, enzi za Mwingereza. Wenzangu, siipendi harufu ile hata kidogo.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno, na mwalimu wetu alikuwa ametunga mchezo wa yule mwenye pepo wa kwenye Injili, aliyekaa makaburini. Kijana mmoja seremala aliigiza kichaa. Walimfunga kamba, wakamchapa, naye akarukaruka na kubweka. Watu walicheka, mbavu hawana!

Sisi tulikuwa na kichaa wa kweli nyumbani. Kaka yangu Nderingo alirudi kutoka vita vya Burma akipiga mayowe na kurusha panga, basi baba akamfunga mnyororo kwenye nguzo ya banda. Wajomba walikuja kumchapa ili pepo watoke, na mama ndiye aliyemshika miguu.

Mama alinyanyuka pale kwenye mchezo, akampokonya mmoja fimbo, akawatandika wachezaji wote, kichwani, mgongoni, popote. Mwalimu akatoka damu puani.

"Mama Nderingo, ni mchezo tu!"

"Haya, cheza!" akamjibu, akamwongeza nyingine.

Tulipofika nyumbani alichuma jani la isale. Kwetu, ukimpelekea isale uliyemkosea, hana budi kukusamehe. Nilidhani ni la mwalimu. Lo! Akaenda nalo bandani, akapiga magoti mbele ya Nderingo.

Baba akafoka, "Mwanamke, nawe umeshikwa? Isale kwa kichaa?"

Nderingo akampiga mama teke la mdomo, jino likang'oka. Mama akatema damu, akalinyoosha jani tena. Akapigwa tena. Nililia mpaka sauti ikakauka. Aliponyoosha mara nyingine, kaka alilitazama lile jani, akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Baba akaleta shoka, akakata mnyororo.

Kaka hakupona, tusidanganyane. Alituvunjia vyungu na kutupiga mateke hadi alipokufa, lakini hakuna aliyemchapa tena.

Utotoni niliamini mama alikuwa akimbembeleza asitudhuru. Nilipozaa wangu ndipo nikaelewa. Ng'ombe hapelekewi isale, wala pepo hapelekewi. Anayepelekewa ni mtu, tena mtu uliyemkosea.