Ripoti ya Abubaker Juu ya Sahani ya Marimba

Abubaker Rajab alikuwa amefanya kazi ya simu ya upepo katika polisi kwa miaka ishirini na sita, na sikio lake lilikuwa na sifa. Mvua ingurume, mitambo ikorome, yeye angeandika ujumbe wa nukta na mistari kutoka kituo cha Gulu, kaskazini, huku akinywa chai yake. Kwa hiyo Jumanne moja ya mwaka 1974, Inspekta Okeny alipomwita ofisini na kumwonyesha gramafoni na sahani moja ya santuri, hakuona jambo la kumtisha.

"Mzee, hii kitu ilishuka bandarini Port Bell, ndani ya boksi ya mwalimu mmoja wa muziki, anaitwa Lakot," Okeny alisema. "Rafiki yake Mzungu alimtumia. Tumeipiga. Hapana wimbo, hapana maneno. Inagonga tu, inarudia, inarudia. Wakubwa wanasema ni siri ya maadui."

"Na mwalimu yuko wapi?"

"Yuko hapa ndani, siku ya nne sasa. Ijumaa wanataka jibu yako."

Abubaker alichonga penseli, akaweka sindano juu ya sahani. Marimba moja ilianza: mapigo machache ya mbao, yakaisha, yakaanza tena. Akayaandika mara moja kwa nukta na mistari. Marimba ya pili ikaingia na mapigo yaleyale, lakini ikawa inatangulia kidogo, kama mtu anayeharakisha hatua ili ampite mwenzake njiani. Ya tatu ikafuata, na ya nne. Kufikia hapo penseli ilisimama. Hakujua tena mwanzo ulikuwa wapi. Alipozisoma herufi alizopata, hazikuwa neno la Kiswahili, wala Kiingereza, wala Kinubi cha nyumbani kwake.

Jumatano alisikia kitu kibaya zaidi. Juu ya zile marimba nne palikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ikiimba taratibu. Alirudisha sindano. Sauti haikuwepo. Akarudisha tena, ikawepo, ila sasa iliimba kitu kingine.

Akamwita Joska, mpiga chapa wa chumba cha pili. "Binti yangu, hebu sikiliza. Unasikia nini?"

Joska alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Nasikia wanawake wanatwanga mtama, mzee. Wengi."

Okeny, alipoulizwa, alisema anasikia buti za askari.

Jioni ile Abubaker alirudi kwake Nakawa, akaketi kula. Mkewe Halimah alimtazama akigonga meza kwa vidole vya mkono mmoja, kisha vya mikono yote miwili.

"Unaumwa?" Halimah aliuliza.

"Sijui," alijibu, na kweli hakujua.

Alhamisi aliomba kuongea na mwalimu. Lakot aliletwa miguu mitupu, mdomo umemvimba upande mmoja. Abubaker alimpa kiti, akasubiri askari atoke.

"Mwalimu, wanaopiga ni wanne, au wako watano?"

Lakot aliinua vidole vinne. "Wanne, mzee. Huyo wa tano hayuko. Mmoja anagonga, mwingine anajaza pale alipoacha mwenzake, na sikio lako linashona vipande. Hata Waganda wakipiga marimba zao za amadinda, watu wawili kwenye mbao zilezile, utasikia wimbo ambao hakuna mkono unaoupiga."

"Sasa mbona jana nilisikia hivi na leo vingine?"

"Hata mimi sielewi vizuri. Ndiyo sababu niliomba nitumiwe."

Abubaker aliinama karibu. "Mwanangu, mle ndani hamna ujumbe?"

"Ungekuwemo, ningekuambia?"

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu aliyechoka, na Abubaker akamwita askari.

Ijumaa aliketi mbele ya karatasi. Maisha yake yote hakuwahi kuandika neno ambalo hakulisikia sawasawa. Penye shaka, aliweka alama ya shaka. Lakini alijua wakubwa wangeisomaje alama hiyo, na mwalimu angepelekwa wapi baada ya kusomwa. Akaandika: "Nimesikiliza mara thelathini na moja. Hakuna ujumbe wowote." Akatia sahihi.

Okeny aliisoma polepole. "Mzee, una hakika?"

"Nina hakika, afande."

"Kama umekosea, tumekosea wawili."

Lakot aliachiliwa Jumamosi. Sahani haikurudishwa.

Wiki tatu baadaye Lakot alimkuta Abubaker sokoni Nakawa, akichagua mihogo. Alimsalimu kwa kupiga goti kidogo, akamshukuru kwa sauti ya chini. Abubaker alitazama huku na huku.

"Uliniuliza na sikukujibu," Lakot alisema. "Mimi niliipata ile sahani asubuhi, wakaja kunichukua mchana. Niliisikiliza mara mbili tu. Wewe ndiye uliyesikiliza sana. Mle ndani mlikuwa na nini?"

Abubaker aliweka muhogo chini. Alitaka kusema wanawake, au buti, au ile sauti nyembamba. "Sijui, mwanangu," alisema mwishowe.

Lakot aliitikia kwa kichwa kama aliyepata jibu, akaenda. Mwezi uliofuata watu walisema amevuka mpaka wa Busia. Abubaker aliendelea na kazi hadi alipostaafu, akipokea ujumbe kila siku, na mara kwa mara mwendeshaji wa simu kule Gulu alilalamika kwamba siku hizi mzee anaomba kurudiwa ujumbe.